Zawadi ya Babu Iliyompeleka Kijana Hadi Bagamoyo

Mama msomaji, si ajabu kupita jioni katika mtaa wa Same, upepo ukiwa umetulia na vumbi limelala, ukaisikia sauti nzito ya Jim Reeves ikitoka katika redio ya jirani. Mwimbaji huyo Mmarekani alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa. Hata hivyo nyimbo zake za taratibu, na hasa zile za dini, zimekaa katika nyumba za Wakristo wa Upare kana kwamba aliziimba pale Kisiwani au Mbaga. Baba zetu walizipenda, na kanda zake ziliazimwa mpaka zikachakaa.

Muziki huo una ndugu yake ambaye hajulikani sana kwetu. Huyo ana mbio zaidi, hana ngoma wala umeme, na anapigwa kwa vyombo vya nyuzi peke yake: fidla, gitaa, mandolini, besi kubwa ya kusimama, na chombo kiitwacho banjo. Kwa Kiingereza wanauita bluegrass, nasi hapa tutauita blugrasi. Kisa tunachokuletea mwezi huu ni cha kijana mmoja wa New York aliyeingia katika muziki huo kwa sababu babu yake alimpa zawadi, na jinsi safari yake ilivyomfikisha Uganda na Bagamoyo akitafuta chanzo cha chombo alichokipenda. Lakini kabla ya kufika kwake, hatuna budi kupita kwa akina mama kadhaa na watoto wao, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Ngoma yenye mkono

Chukua ngoma ndogo ya duara, uiwambe ngozi upande mmoja, kisha uipachike mkono mrefu kama wa gitaa na uifunge nyuzi. Hiyo ndiyo banjo. Ile ya blugrasi ina nyuzi tano, na mmoja kati ya hizo ni mfupi kuliko wenzake. Unaanzia katikati ya mkono, na kazi yake ni kupigwa na dole gumba, ukilialia wakati vidole vingine vinatafuta wimbo. Siku hizi ngozi imeachwa, mahali pake ikawekwa plastiki ngumu, kwa kuwa ngozi hulegea siku za mvua. Sauti yake ni kali na hukatika upesi, ndiyo maana mpigaji hana budi kuzimwaga noti nyingi ili pasiwe na kimya.

Chombo hiki kilifika Amerika pamoja na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Daktari mmoja wa Uingereza, Hans Sloane, aliyekaa Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1680, aliwaona watumwa wakipiga vyombo vya kibuyu vilivyowambwa ngozi, na kitabu alichokichapisha mwaka 1707 kina picha zake. Huko Senegal na Gambia, Wajola wanacho mpaka leo chombo kiitwacho akontingi, chenye kibuyu, ngozi, mkono wa mti na uzi mmoja mfupi wa dole gumba. Ukikiona tu utajua ni mzazi wa banjo, au tuseme shangazi yake.

Hapa niseme jambo moja, kwa maana Wapare tunataniwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na kesi hii nisingependa tuidai. Banjo ilitoka Afrika ya Magharibi. Ni kweli kwamba misafara ya karne ya 19 ilipita chini ya milima yetu, kutoka Pangani kupitia Gonja na Kisiwani, na kwamba Wapare walikamatwa na kuuzwa. Lakini wengi waliopita njia ile walipelekwa pwani, Unguja, Pemba na nchi za Waarabu, wala si Amerika. Udugu wetu na banjo ni wa mbali kidogo, ila upo, kama tutakavyoona.

Katika karne hiyo hiyo Wazungu wa Marekani walijifunza banjo kutoka kwa watumwa. Wengine walijipaka masizi usoni wakawa wanaipiga majukwaani kwa kuwakejeli watu weusi. Mzaha ule ulidumu kwa miaka mingi, hata weusi wenyewe wengi wakaiacha banjo kwa aibu. Basi ikahamia mikononi mwa wakulima wa Kizungu wa milima ya kusini, maskini wenye mashamba ya mteremko kama ya kwetu, na polepole watu wakasahau ilitoka wapi.

Mama aliyepiga fidla

Blugrasi yenyewe ina baba anayejulikana kwa jina. Huyo ni Bill Monroe, aliyezaliwa mwaka 1911 katika kijiji cha Rosine, jimbo la Kentucky. Alikuwa kitinda mimba wa watoto wanane, na jicho lake moja lilikuwa na makengeza, jambo lililomfanya awaogope wageni. Mama yake, Malissa, alikuwa akipiga fidla na kuimba nyumbani huku akifanya kazi zake. Kwake ndiko mtoto aliposikia muziki kwa mara ya kwanza.

Malissa alifariki Bill akiwa na umri wa miaka 10. Baba naye akafuata alipokuwa na miaka 16. Kijana akabaki na mjomba wake, Pendleton Vandiver, kaka wa marehemu mama yake, aliyekuwa mpiga fidla katika ngoma za vijijini. Mjomba alimchukua kila mahali, na kijana akawa anamsindikiza kwa gitaa. Kulikuwa pia na mtu mweusi mmoja, Arnold Shultz, mfanyakazi wa migodi ya makaa ya mawe na bingwa wa gitaa, ambaye Bill alimkumbuka kwa heshima maisha yake yote. Muziki ambao baadaye ulidhaniwa kuwa wa Wazungu watupu, hata mwanzilishi wake alifundishwa sehemu yake na Mwafrika wa Amerika.

Kwa nini Bill alipiga mandolini? Kwa sababu ndugu zake wakubwa walikwisha kujitwalia fidla na gitaa. Yeye, mdogo wa wote, akapewa kilichobaki. Mama mwenye watoto wengi ataelewa, maana hata nguo hugawanywa hivyo hivyo. Mwaka 1939 bendi yake, aliyoiita Blue Grass Boys kwa heshima ya jimbo lake, iliingia katika kipindi maarufu cha redio cha Nashville, na jina la bendi ndilo lililokuja kuwa jina la muziki wote.

Msomaji wetu aliye kwenye kwaya atapenda kujua kwamba muziki huu ulikulia kanisani vilevile. Bendi za blugrasi kwa kawaida huimba nyimbo za dini kwa sauti nne, vyombo vikiwa vimepunguzwa, na sauti hizo zilifundishwa katika shule za uimbaji zilizozunguka makanisa ya vijijini. Walitumia noti zenye maumbo, kila umbo na jina lake, fa, so, la, ili mkulima asiyejua muziki wa vitabuni aweze kusoma. Ni dada wa ile do-re-mi ambayo mwalimu wa kwaya huiandika ubaoni siku ya mazoezi, nasi tukaifuata kwa kidole.

Mtoto aliyekuwa amesusa

Banjo ilikuwa bado haijapata nafasi yake ya leo mpaka mwishoni mwa mwaka 1945, Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Monroe. Huyu alizaliwa mwaka 1924 katika mashamba ya North Carolina. Baba yake, mkulima aliyepiga banjo, alifariki Earl akiwa na miaka minne tu, na banjo ikabaki nyumbani.

Earl mwenyewe alisimulia kwamba siku moja, akiwa na umri wa miaka kama 10, aligombana na kaka yake, akajifungia chumbani amenuna, akawa anapiga wimbo uleule tena na tena bila kufikiri. Ghafla akagundua kwamba vidole vyake vitatu, dole gumba, cha shahada na cha kati, vilikuwa vinafuatana kwa mzunguko. Akatoka chumbani anakimbia kuwaambia wa nyumbani. Wapo wengine katika eneo lile waliopiga kwa vidole vitatu kabla yake, lakini hakuna aliyeufikisha mtindo huo mahali alipoufikisha yeye. Watu waliomsikia redioni na Monroe hawakuamini kwamba ni banjo moja. Mpaka leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake.

Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa kibarua katika kiwanda cha nyuzi. Muziki ulimtoa huko, ila kilichomfanya aishi kwa muziki ni mkewe. Louise Scruggs, waliyeoana mwaka 1948, alianza kusimamia shughuli za mumewe katikati ya miaka ya 1950: mikataba, ratiba, barua, hesabu za safari. Wakati ule hapakuwa na wanawake katika kazi hiyo. Waandishi wanapomsifu Earl kwa vidole vyake, mimi hupenda kumkumbuka huyo mama aliyekaa na kalamu na simu akihakikisha kwamba vidole vile vinalipwa.

Babu, treni na kitabu

Sasa tumfikie kijana wetu. Béla Fleck alizaliwa New York tarehe 10 Julai 1958. Baba yake aliondoka Béla akiwa mdogo sana, naye hakuja kuonana naye mpaka alipopita miaka 40. Alichoachiwa na baba ni majina. Béla, Anton na Leoš yote ni majina ya watunzi wa muziki wa Ulaya. Malezi yalikuwa ya mama, na ya babu na bibi.

Akiwa mtoto mdogo alisikia katika televisheni wimbo wa kufungulia mchezo wa kuchekesha kuhusu familia ya watu wa milimani waliopata utajiri wa mafuta. Mchezo huo ulianza kuonyeshwa mwaka 1962, na mpiga banjo katika wimbo ule alikuwa Earl Scruggs. Mtoto alisimama akatega sikio. Alilinyamazia jambo hilo kwa miaka mingi, kwa maana mtoto wa mjini New York angemwambia nani kwamba anataka chombo cha watu wa mashambani?

Mwaka 1973, akiwa na miaka 15 na shule ya sekondari ikikaribia kufunguliwa, babu yake akampa banjo. Babu hakuwa mwanamuziki mkubwa, na hakuna anayesema kwamba aliona mbali. Alimpa mjukuu kitu tu. Kijana akapanda treni kurudi kwao ameikumbatia, na ndani ya treni mtu asiyemjua akajitolea kuzikaza nyuzi zake mpaka zikapatana, kisha akamtajia kitabu cha kujifunzia kilichoandikwa na Pete Seeger. Mtu huyo hatajwi jina popote. Alishuka kituo chake akaenda zake.

Shule aliyokwenda ilikuwa ya muziki na sanaa, lakini banjo haikufundishwa humo. Alipangiwa kupiga baragumu la shaba, akashindwa mtihani, akahamishiwa kwenye kwaya. Angalia jambo hilo, mama. Huyu ambaye leo ni miongoni mwa wapiga banjo wanaoheshimiwa kuliko wote duniani, shuleni alionekana ni mtoto aliyeshindwa muziki. Saa zake za kweli zilikuwa nyumbani, chumbani, akirudia mizunguko ya Scruggs kwa saa nyingi kila siku, na baadaye kwa mwalimu wake Tony Trischka, mpiga banjo mwenye mawazo mapya. Mama aliyekuwa akiishi katika nyumba ile alivumilia mengi. Banjo haina sauti ya chini.

Alipomaliza sekondari alikwenda Boston akajiunga na bendi, akahamia Kentucky penyewe kwenye chimbuko, na mwaka 1981 akachukuliwa na New Grass Revival, bendi iliyokuwa ikiuchezea mtindo wa wazee kwa njia mpya. Baadaye akawa na kundi lake, Flecktones, akaipiga banjo katika jazi na hata pamoja na okestra za muziki wa Ulaya. Mambo hayo ni mengi na hatutayafuata yote. Kilichotuleta hapa ni swali lililoanza kumsumbua: kila alipokwenda watu waliiona banjo kama chombo cha Wazungu wa kusini mwa Marekani, naye alijua kwamba si kweli.

Bibi aliyeambiwa aache

Lakini ngoja kwanza. Najua baadhi yetu tunasoma tukiwa na swali la kanisa. Mtoto akishika gitaa, leo yuko kwenye kwaya, kesho je? Wako wazazi Upare waliolivunja gitaa la kopo la mtoto kwa nia njema kabisa. Basi acha nikusimulie habari za Elizabeth Cotten.

Alizaliwa miaka ya 1890 huko North Carolina, mtoto wa watu weusi maskini. Kaka yake alikuwa na banjo, naye alisubiri kaka akitoka kwenda kazini aichukue kwa siri. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, aliigeuza juu chini, na hakuna aliyemwambia kwamba hivyo sivyo. Dole gumba likapiga wimbo, vidole vikapiga besi, kinyume cha watu wote. Kabla ya kufikisha miaka 12 alikwisha kwenda kufanya kazi za ndani, akaweka akiba, akanunua gitaa kwa dola 3 na senti 75. Wimbo wake maarufu kuhusu treni ya mizigo aliutunga akiwa bado msichana mdogo.

Aliolewa akiwa kijana, akapata binti, akaokoka. Wazee wa kanisa wakamwambia nyimbo zile za dunia haziendani na wokovu. Akaliweka gitaa chini. Hakuligusa, isipokuwa mara chache mno, kwa miaka ipatayo 40.

Huko Washington, akiwa mtu mzima, alikuwa akifanya kazi katika duka kubwa wakati alipomwona mtoto wa kike amepotea analia. Akamshika mkono akamrudisha kwa mama yake. Mama huyo, Ruth Crawford Seeger, alikuwa mtunzi wa muziki, na baadaye akamwajiri Elizabeth kama msaidizi wa nyumbani. Kuta za nyumba ile zilijaa vyombo vya muziki. Siku moja watoto wakamkuta jikoni anapiga gitaa, juu chini, kama zamani. Mmoja wa watoto hao, Mike Seeger, akamrekodi, na santuri yake ya kwanza ikatoka mwaka 1958, yeye akiwa na zaidi ya miaka 60. Alizunguka akiimba majukwaani mpaka uzeeni, akapata tuzo ya Grammy mwaka 1985, akafariki mwaka 1987. Aliimba nyimbo za treni na nyimbo za Mungu katika onyesho moja, na aliendelea kuwa mama wa kanisa.

Sisemi wazee wale walikuwa wabaya. Walikuwa wanakumbuka vilabu vya pombe na ugomvi wa ngoma za usiku, mambo ambayo hata sisi tunayajua. Ila miaka 40 ni mingi.

Bagamoyo

Mwaka 2005 Béla Fleck alikuja Afrika na banjo yake, akifuatana na ndugu yake kwa mama, Sascha Paladino, aliyekuwa na kamera. Walipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Filamu waliyoitengeneza ilitoka mwaka 2008, na mwaka uliofuata ikatoka albamu, ambayo mwaka 2010 ilipata tuzo ya Grammy. Wimbo unaoifungua ni wa akina mama, kikundi cha wanawake wa Nakisenyi, Uganda. Katika safari hiyo alikutana pia na ile marimba kubwa ya Waganda ambayo mbao zake hutandazwa juu ya shimo na kupigwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Mgeni na banjo yake alilazimika kusikiliza kwanza kwa muda mrefu kabla ya kupata pa kuingilia.

Jina la filamu, ukilitafsiri, ni Bwaga Moyo. Walilichukua Bagamoyo, walikoambiwa kwamba mateka walipofika pwani waliibwaga mioyo yao, wakijua hawatarudi tena. Wapo wanaosema maana ya jina ni tofauti, kwamba ni wapagazi waliofika mwisho wa safari, wakatua mizigo na kupumzisha moyo. Mji ule uliwaona wote wawili, mateka na mpagazi.

Bagamoyo ni nyumbani kwa ukoo wa Zawose, Wagogo waliohamia huko kutoka Dodoma, ambako mzee Hukwe Zawose alifundisha katika chuo cha sanaa na kuipeleka ilimba na zeze katika majukwaa ya dunia. Mzee alikuwa amefariki Desemba 2003, mwaka mmoja na kidogo kabla ya mgeni kufika, lakini kundi la ukoo, Chibite, lilimpokea na kupiga naye.

Hapa Tanzania alikutana pia na Anania Ngoliga, mwanamuziki kipofu anayepiga ilimba. Ilimba, kwa asiyeijua, ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa madole gumba. Ngoliga anabadilisha sauti yake hata ukadhani wako waimbaji watatu, na vidole vyake vina mbio zinazofanana kabisa na za banjo. Waliposhindana kwa mchezo, mmoja akitupa noti na mwenzake akizirudisha, wote wawili walicheka. Katika albamu nyimbo zao ni miongoni mwa zile zinazopendeza kuliko zote, kwa maoni yangu, na moja inaitwa Dunia Haina Wema. Mwaka 2009 Ngoliga alikwenda Marekani kuzunguka na Fleck jukwaani, akisindikizwa na John Kitime, mpiga gitaa wa Wana Njenje ambaye watu wengi wanamfahamu kwa kutetea haki za wanamuziki. Hakimiliki ni jambo la kwaya pia. Tangu mwaka 1999 tunayo sheria yake, na COSOTA ndiyo inayoisimamia, lakini kwaya nyingi huuza kanda au video moja na mji mzima ukanakili.

Mwaka huohuo wa 2009 Fleck alioa. Mkewe, Abigail Washburn, naye hupiga banjo, ila kwa mtindo wa zamani wa kushusha kucha juu ya nyuzi, ule ulio karibu zaidi na wa Wajola. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mwaka 2013. Badala ya kutafuta yaya na kwenda studio, walirekodi albamu nyumbani, sauti na banjo basi, wakisimama kila mtoto alipoamka. Albamu hiyo nayo ilipata Grammy mwaka 2016. Mama mwenye mtoto mchanga anajua kazi hufanyika vipi kwa vipande vya nusu saa.

Na huku kwetu?

Injili ilifika Upare kwa njia mbili zilizokaribiana. Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza Shighatini mwaka 1900, na Waadventista wakaanza Giti, kule Mamba, mwaka 1903. Wote walileta vitabu vya nyimbo, na Walutheri wakaleta tarumbeta za shaba, ambazo makanisa mengi ya Kaskazini hupiga mpaka leo. Tumebarikiwa kwa nyimbo hizo. Lakini vyombo vya wenyeji viliachwa nje ya mlango, na kila kizazi kikawa na watu wachache zaidi wanaovijua. La kushangaza ni kwamba ukifungua Zaburi ya 150 katika Biblia ya Kiswahili utaikuta zeze humo, pamoja na kinanda, matari na filimbi. Watafsiri waliona ni neno linalofaa.

Mjini Same leo kwaya nyingi hutumia kinanda cha umeme chenye ngoma zake ndani, na umeme ukikatika ibada inapoa. Wakati huo huo watoto wa milimani, Chome, Suji na Vudee, huunda magitaa yao ya kopo. Ukilitazama gitaa hilo vizuri, bati jembamba lililokazwa, mkono wa mti, nyuzi nne au tano, sauti kali inayokatika upesi, utaona kwamba ni banjo kuliko lilivyo gitaa. Hakuna aliyewafundisha.

Kama wako wa nyumbani ameanza, kuna mambo machache ya kuangalia. Kopo kubwa la mafuta ya kula au la rangi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe. Kingo zilizokatwa zikunjwe kwa koleo na kugongwa, maana bati hukata vidole vibaya. Mkono uwe wa mti mkavu, la sivyo utapinda baada ya wiki mbili. Watoto hupenda nyuzi za waya wa breki za baiskeli kwa kuwa zinalia sana, lakini huchana vidole na huweza kukatika zikaruka usoni. Nyuzi za nailoni za kuvulia samaki ni salama zaidi, na bei yake ni ndogo. Uzi wa dole gumba, akitaka kuuweka, aupigilie kigingi chake katikati ya mkono, ubavuni, na aukaze juu kuliko zote.